Kimya cha Kericho

Kuna aina ya maandishi ya safari ambayo imeshika sana siku hizi: kijana anatoka Nairobi Ijumaa jioni, anafika Kericho, anapiga picha za kijani kisicho na mwisho, halafu anaandika kwamba hatimaye amepata kimya. Nimeyasoma mengi, na mengine yameandikwa vizuri, sikatai. Yanafuata zile video za visiwa vya Japani, mtu anaendesha baiskeli peke yake, bahari huku, nyumba za mbao kule, dakika 20 bila neno.

Sasa, hata kule kimya kina sababu. Katika kisiwa cha Shikoku kuna kijiji kiitwacho Nagoro, ambako wanasesere wakubwa kama binadamu wamewekwa mahali pa watu waliokufa au kuhama. Ukitazama video nzuri ya Nagoro, unatoka ukijua ni nani hayupo. Waandishi wetu wanapita Kericho bila kuuliza swali hilo.

Na jibu haliko mbali. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, upande wa Ziwa Victoria, kwenye joto na mbu. Wakipsigis wengine wengi nao walipoteza ardhi, kampuni za Waingereza zikapanda chai. Agosti 2022 malalamiko yao yalifikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hivyo mtu akiniandikia "vilima ambavyo havijaguswa", manze, nashindwa kuendelea kusoma. Mchai ukiachwa unakuwa mti. Lile zulia mnalolisifu liko usawa wa kiuno kwa sababu kuna watu wanalipogoa na kulichuma mwaka mzima.

Au walikuwa wakilichuma. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai Kericho, maana mashine moja inafuta vibarua vya watu wengi. Miezi mitatu kabla yake BBC ilikuwa imetoa filamu kuhusu wasimamizi wa mashamba waliodai ngono kwa wanawake wanaotafuta kazi. Mambo haya yote yako wazi, hayahitaji upelelezi. Ila yanaharibu picha.

Kinachonikera zaidi ni kwamba safari yenyewe huishia kwenye mashamba makubwa. Panda matatu uteremke Litein, Kapkatet, Sotik, ukate kuelekea Bomet, uone chai inavyobadilika. Hapa ni vishamba vya familia, chai imepakana na mahindi, ng'ombe amefungwa pembeni, nyasi za napia zimejipenyeza katikati. Hakuna mtu anayekaa kimya huku. Majani yanapelekwa kituoni kupimwa, na kwenye foleni kila mtu ana hesabu yake: kilo zilizokatwa, bei ya mbolea, bonasi ya KTDA mwaka huu na kwa nini wa mashariki ya Bonde la Ufa walilipwa zaidi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1964, na ugomvi kulihusu unarithishwa kama shamba.

Makala ninayoisubiri itaanzia hapo kwenye mizani, saa nane mchana, mvua ya mawe inakaribia na lori la kiwanda bado halijafika.