Uzito wa Mpira wa Penseli

Mwanafunzi wa usanifu wa michoro anapoingia darasa la uhuishaji huwa tayari ana ujuzi wake. Anajua kupanga herufi, kuoanisha rangi na kuacha nafasi tupu ili jicho lipate pa kupumzika. Amezoea kupimwa kwa picha moja iliyokamilika, nembo au bango ambalo mtu hulitazama kwa muda anaotaka. Kisha mwalimu anamwambia achore duara. Hatakiwi kuchora simba anayenguruma wala binti anayecheza ngoma. Ni mpira tu, unaoanguka, unaodunda na kutulia. Kila ninapoliangalia zoezi hili, heshima yangu kwake huongezeka, kwa sababu misingi mikubwa ya ufundi huu imo ndani yake.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Katika uhuishaji wa mkono, mara nyingi kila mchoro huchukua fremu mbili, hivyo sekunde hutosheka na michoro 12. Mwanafunzi anachukua karatasi zilizotobolewa ukingoni, anazipachika kwenye vishikizo ili zisisogee, kisha anawasha taa iliyo chini ya kioo cha meza. Mchoro wa chini unaonekana kupitia karatasi ya juu. Anauchora mpira ukiwa juu, anauchora ukiwa sakafuni, halafu anajaza katikati kwa mipira iliyoachana sawasawa. Anapozipekua karatasi haraka, mpira unashuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Kila duara ni safi, lakini mpira hauna uzito.

Kitu kinachoanguka huongeza mwendo kadiri kinavyoshuka. Ukigawa muda wa kuanguka katika vipindi 4 vilivyo sawa, umbali unaokwenda katika kila kipindi hufuatana kwa uwiano wa 1, 3, 5 na 7, kama Galileo alivyoonyesha katika karne ya 17. Jumla yake ni 16, na vipindi viwili vya kwanza vimechukua 4 tu. Maana yake mpira hutumia nusu ya muda wake katika robo ya juu ya kimo chake. Basi mwanafunzi anafuta. Safari hii anaisonganisha michoro ya juu hadi inakaribia kupandana, na kuiachanisha kadiri sakafu inavyokaribia. Idadi ya karatasi ni ileile, na maduara ni yaleyale. Kilichobadilika ni nafasi kati ya mchoro na mchoro. Anazipekua tena, na sasa mpira unaanguka.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii. Mtu aliyefunzwa kuipenda picha anaanza kulipenda pengo lililo kati ya picha mbili. Hakuna hata mchoro mmoja kati ya hiyo 12 unaofaa kutundikwa ukutani. Kila mmoja upo kwa ajili ya uliotangulia na unaoufuata, na ukishaonekana kwa sehemu ya 12 ya sekunde, zamu yake imekwisha.

Baadaye inakuja tabia ya kitu chenyewe. Mpira wa raba hubonyea unapogusa sakafu, na ukibonyea lazima utanuke pembeni, la sivyo utaonekana umenywea. Katika michoro hurefuka kidogo kabla ya kugusa chini, na kurudi kuwa duara kileleni, mwendo unapopoa. Kila mdundo huwa mfupi kuliko uliotangulia na huchukua muda mchache zaidi. Kisha mwalimu anataka tufe la chuma. Hilo halibonyei, linajiinua kidogo tu, linaanguka tena, linabingirika. Halafu anataka puto, linalochelewa hewani na kutua taratibu. Kwa duara moja na penseli moja, mwanafunzi amefanya raba, chuma na hewa.

Wachoraji wa studio ya Disney waliichambua misingi hii katika miaka ya 1930, na wawili wao, Frank Thomas na Ollie Johnston, wakaieleza kuwa kanuni 12 katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kompyuta ilipokuja haikuzifuta. Mwaka 1986 John Lasseter wa Pixar alitengeneza Luxo Jr., filamu fupi ya taa mbili za mezani na mpira, akathibitisha kwamba kanuni za penseli zinafanya kazi hata pale ambapo hapana penseli. Programu inajua kujaza fremu za katikati, lakini haijui kama kinachoanguka ni embe au unyoya. Anayejua ni mwanafunzi, na ni lazima aupange mwendo huo yeye mwenyewe.

Kutoka kwenye mpira anakwenda kwenye gunia la unga lililojaa nusu, na kutoka kwenye gunia hadi mtu anayetembea. Anajifunza kwamba arukaye huinama kwanza, na kwamba kichwa cha atembeaye hushuka mguu unapopokea uzito. Kwenye kituo cha daladala anaona kuwa mwanamke akisimama ghafla, pindo la kanga yake huendelea mbele kidogo kabla ya kurudi. Mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulichukua mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Katika picha za mtindo huo wanyama wametulia kwenye ubao. Kuwatembesha kulihitaji elimu hiihii inayoanzia kwenye duara.

Wapo wanaosema katuni ni mambo ya watoto, na wanadhani kwa kusema hivyo wameishusha. Mtoto wa miaka mitatu ameshaangusha vijiko, vikombe na mipira mingi. Hamjui Galileo, lakini mpira ukidondoka isivyo kawaida huacha kuuamini papo hapo, na hakuna rangi wala muziki utakaomshawishi. Mwanafunzi anayekesha akifuta na kuchora upya duara lake amekubali kupimwa na kila mtu aliyewahi kuona kitu kikianguka. Sijui mtihani wa usanii ulio mgumu na wa haki kuliko huo.