Fundi wa Kupambanua Maneno

Maneno mawili ya Kiingereza, "disinterested" na "uninterested", yamewasumbua walimu, wahariri na wanasheria kwa muda mrefu. Yamejengwa juu ya shina moja na yanatofautiana kwa kiambishi awali tu, na anayejifunza lugha hiyo hupewa kanuni fupi: la kwanza ni la mtu asiye na maslahi yake katika jambo, la pili ni la mtu asiyevutiwa na jambo. Hakimu wa aina ya kwanza ni hazina kwa mahakama. Wa aina ya pili husinzia kitini mashahidi wakieleza. Neno moja ni sifa, jingine ni lawama. Kanuni hiyo inapendeza na inakaririka kwa urahisi, lakini ni nani aliyeijua, naye aliijuaje? Swali hilo linatufikisha kwa fundi anayetumiwa na wengi na kusifiwa na wachache, yaani mtunga kamusi. Ninachodai ni kwamba heshima ya ufundi wake haitokani na wingi wa maneno anayoyajua. Inatokana na kukubali kwake kuongozwa na ushahidi, hata pale ushahidi unapoivuruga kanuni aliyoizoea.

Na ushahidi wa jozi hii unaivuruga kweli. Katika karne ya 17 maneno haya yalikaa karibu kinyume na yanavyofundishwa leo. John Donne, mshairi na mhubiri wa London, ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo wanaojulikana kulitumia "disinterested", na kwake lilikuwa neno la mtu asiyehusika wala kujali. "Uninterested", kwa upande wake, lilianza likiwa neno la mtu asiyeelemea upande wowote. Baadaye katika karne hiyohiyo "disinterested" likapata maana ya uadilifu, na katika karne ya 18 "uninterested" likahamia kwenye kutovutiwa. Chanzo cha mkorogo huo ni shina lenyewe. "Interest" lilikuwa kwanza neno la sheria na mali, likimaanisha haki au fungu la mtu katika kitu. Likaingia pia katika mikopo kwa maana ya riba. Hamu ya kujua ikaja baadaye. Kwa hiyo kiambishi cha kukanusha kilipobandikwa juu yake, kiliweza kukanusha fungu la mali au kukanusha hamu. Kiswahili kimeyapa mambo hayo majina mbalimbali: maslahi, riba, hamu. Ndiyo maana mfasiri wetu anapokutana na "disinterested" hana pa kujificha. Lazima kwanza aamue mwandishi alikusudia lipi.

Historia hiyo haikupatikana kwa kukaa na kuwaza. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake London mwaka 1755, alisoma vitabu akitia alama kwenye sentensi alizozitaka, na wasaidizi wake wakazinakili. Kazi yao ilitoka na maneno zaidi ya 40,000 na nukuu zaidi ya 100,000. Mwaka 1879 James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, aliwaomba wasomaji wa kujitolea wa Uingereza, Marekani na kwingineko wamletee sentensi, kila moja kwenye kikaratasi chake, pamoja na jina la kitabu na mwaka wake. Vikaratasi vilimiminika kwa mamilioni. Murray alifariki mwaka 1915. Kamusi ilikamilika mwaka 1928 ikiwa na maneno 414,825 na nukuu zipatazo 1,800,000. Tarakimu hizo ni kubwa, lakini ufundi wenyewe umo katika kilichotendeka kati ya kikaratasi na ukurasa uliochapwa. Fundi hupanga vikaratasi vya neno moja kwa miaka, huvisoma kimoja kimoja, huvigawa mafungu kwa kufuata maana, kisha huandika fasili inayoenea sentensi zote za fungu lake bila kuvamia fungu la jirani. Sentensi moja ikikataa kuingia, hana ruhusa ya kuifumbia macho: ama ataipanua fasili, ama atafungua fungu jipya. Mshairi akikwama kwa neno hulibadilisha. Mtunga kamusi hapewi neno jingine.

Uadilifu wa kazi hiyo unaonekana vizuri katika jambo dogo. Mwishoni mwa karne ya 19, kamusi ya Oxford ilipofikia "disinterested", ile maana ya kale ya kutovutiwa ilionekana kama imekwisha kutoweka. Mhariri mwenye haraka angeandika kwamba imekufa, na wasomaji wangemwamini. Kamusi ile iliweka kifupisho kinachoonyesha maana isiyotumika tena, lakini kabla ya kifupisho ikaweka alama ya kuuliza. Alama hiyo ilitenga mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya kila siku: kutoona kitu na kutokuwapo kwa kitu. Katika nyongeza iliyotolewa mwaka 1933, alama na kifupisho viliondolewa na mifano ya karibuni ikaongezwa. Maana iliyodhaniwa marehemu ilikuwa ikiishi vinywani mwa watu. Kamusi haikulazimika kumeza maneno yake, kwa kuwa haikuwa imedai zaidi ya ilichokiona.

Hapa atasimama mpinzani na kusema: kama mambo ni hivyo, basi hakuna kosa tena katika lugha, na kila mtu aseme apendavyo. Pingamizi hilo lina uzito, ila linachanganya kazi ya shahidi na kazi ya wakili. Shahidi aliyesema kweli hajasema kwamba mambo yote ni sawa. Ametupa msingi wa kuamua. Ushahidi huohuo unaoonyesha kwamba "disinterested" lina maana mbili unaonyesha pia kila maana inapokaa. Likitangulia nomino ya mtazamaji, mshauri au shahidi, kwa kawaida linazungumzia uadilifu. Likifuatwa na kihusishi "in", kwa kawaida linazungumzia kutovutiwa. Katika sheria za wosia za Marekani, shahidi anayeitwa "disinterested" ni yule asiyerithi chochote katika wosia anaoutilia saini, na kumwelewa kuwa ni shahidi asiyejali ni kulikosa lengo la sheria nzima. Sheria ya Urithi ya Kenya, inapozungumzia zawadi aliyoachiwa shahidi wa wosia, hutaka mashahidi wa ziada ambao ni "independent", neno lisilobeba utata huo. Kwa hiyo anayeandika mkataba au hukumu ana sababu nzuri ya kuishika kanuni ya shuleni, si kwa kuwa ni ya kale, maana sivyo, bali kwa kuwa wasomaji wake wanaitegemea. Kanuni iliyosimama juu ya sababu hiyo ni imara kuliko iliyosimama juu ya ukali wa mwalimu.

Mpinzani wa pili atasema kwamba ufundi huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta hufanya kwa dakika chache yale yaliyowachukua akina Murray nusu karne. Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa kamusi ya Cobuild, iliyojengwa juu ya mkusanyo mkubwa wa matini uliohifadhiwa katika kompyuta. Neno linalochunguzwa huletwa katikati ya skrini, mstari juu ya mstari, majirani zake wakiwa kushoto na kulia, na mwenendo wake ukaonekana kama njia iliyochongwa na nyayo. Lakini mashine ilichukua kazi ya kukusanya na kupanga. Kuamua kwamba mistari hii ni maana moja na ile ni nyingine, kutambua kwamba mwandishi fulani alikuwa akitania, na kupata maneno kumi na mawili yatakayomfaa msomaji asiyemjua, yote hayo bado yanadai mtu. Wingi wa ushahidi umeiongeza kazi hiyo: penye sentensi 20 fundi huona maana mbili, penye 20,000 huona mipaka ikififia na kuingiliana, naye bado anatakiwa kuchora mstari na kuwa tayari kuutetea.

Manufaa ya ufundi huu kwetu hayaishii katika kukijua Kiingereza. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, tumekuwa na kamusi za kujivunia, lakini mara nyingi neno hufasiliwa kwa kisawe chake, na kisawe kikafasiliwa kwa neno lilelile. Hamu, shauku na uchu huelekezana namna hiyo, ilhali kila mzawa wa lugha anajua hayabadilishani nafasi. Mtoto aliye mbali huwa na hamu ya kumwona mama yake. Mwanasiasa hushutumiwa kwa uchu wa madaraka. Ukigeuza, yule mtoto anatisha na yule mwanasiasa anapata sifa asiyostahili. Ujuzi huo tunao masikioni, lakini haujaandikwa kikamilifu mahali mgeni, mwanafunzi au mfasiri anapoweza kuusoma. Utaandikwa siku tutakapokusanya sentensi zetu kutoka magazetini, mahakamani, sokoni na katika mashairi, tukazipanga kwa subira, na tukakubali kuweka alama ya kuuliza pale ambapo hatujaona vya kutosha. Lugha yenye wasemaji wengi kama Kiswahili haikosi mashahidi. Inachohitaji ni mafundi wengi zaidi wa kuwasikiliza, na taasisi zilizo tayari kuwalipa mafundi hao kwa muda mrefu kuliko mwaka mmoja wa bajeti.