Kitenzi ‘meng’enya’ kisibebeshwe kila kazi ya vimeng’enya

JUMA lililopita nilikuwa kwenye matatu kutoka Kitengela kwenda Kajiado. Nyuma yangu kijana alikuwa akimhoji mamake: “Mama, si uniambie tu ukweli? Sukari ya asubuhi iko juu. Usiku ulikula nini?”

“Sijakula kitu, hata chai ya rangi!”

Kijana akamsomea kijikaratasi walichopewa kliniki: ‘Sukari ya damu hutokana na chakula kinachomeng’enywa na vimeng’enya.’

Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kimaana imepunguka, na upungufu huo ulimfanya mama aonekane mwongo.

Kwa mazoea, ‘meng’enya’ huhusu chakula kilicho tumboni na utumboni. Msomaji akiona ‘kimeng’enya’ huwaza sahani. Ilhali mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, ambayo Mfaransa Claude Bernard aliitenga kutoka kwenye ini mwaka wa 1857. Mtu anapokaa bila kula, homoni ya glukagoni huliamsha ini. Kimeng’enya kiitwacho fosforilasi huondoa glukosi moja moja kwenye ncha za matawi ya glaikojeni. Kingine hushughulikia panapoungana matawi. Cha mwisho huondoa fosfati ili glukosi iingie damuni. Misuli haina hicho cha mwisho, hivyo akiba yake huitumia yenyewe. Kwa mgonjwa wa kisukari, ini huweza kutoa sukari kupita kiasi usiku, pamoja na nyingine linayoitengeneza upya.

Kazi hii ningeiita ‘kumega’. Ugali humegwa pembeni, tonge kwa tonge. Glaikojeni vivyo hivyo. ‘Kumeng’enya’ kubaki kwa chakula.

Wapo wanaopendekeza tuseme ‘enzaimu’, kwa hoja kwamba vimeng’enya vingine hujenga, kikiwemo kinachounda glaikojeni yenyewe. Hoja ina uzito, ila nomino imeshazoeleka. Kinachompotosha mgonjwa ni kitenzi.

Kijikaratasi kingeongeza maneno kumi tu: ‘Hata usipokula, ini humega akiba yake na kutia sukari damuni.’

Tulipofika Isinya niligeuka nikawaeleza hivyo, nikamsihi kijana wamuulize daktari kuhusu dawa badala ya kulumbana kuhusu chajio. Mama akamtazama mwanawe.

“Umeskia sasa?”