Sifa za Kilobaiti 128

Macintosh ya kwanza ilizinduliwa tarehe 24 Januari 1984, na orodha ya sifa zake haijazi hata ukurasa mmoja. Kichakataji ni Motorola 68000, mwendo wake megahezi 7.8336. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 128, na ile ya kudumu, iliyoandikwa kiwandani isifutike, ni kilobaiti 64. Kioo ni cha inchi 9, cheusi na cheupe bila hata kijivu, chenye nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo. Ina mlango mmoja wa diski za inchi tatu na nusu, na kila diski inabeba kilobaiti 400. Kioo, bodi, spika na mlango wa diski vyote vimo ndani ya boksi moja la kilo saba na nusu hivi, lenye mkono wa kubebea juu. Haina diski kuu ya ndani, haina feni, haina rangi. Bei yake ilikuwa dola 2,495 za Marekani.

Kijana wa leo akiyasoma hayo atacheka, wala hana kosa. Picha moja ya arusi aliyotumiwa jana kwenye simu isingeenea ndani ya mashine nzima. Lakini fundi huisoma karatasi ya vipimo kwa namna yake: huuliza kila tarakimu imetoka wapi, na ni tarakimu gani nyingine inayoitegemea. Ukiisoma hivyo, Macintosh hii inageuka kuwa moja ya kazi safi kabisa za ufundi ambazo karne iliyopita imetuachia. Walioiunda walikuwa kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa cha shati akaambiwa atoe kanzu, naye akaitoa.

Ukitaka kujua kitambaa kilikuwa kidogo kiasi gani, itazame Lisa, kompyuta nyingine ya kampuni hiyo hiyo ya Apple iliyotangulia kwa mwaka mmoja. Lisa nayo ilikuwa na madirisha, menyu na kipanya, ila ilipewa megabaiti nzima ya kumbukumbu na ikauzwa dola 9,995. Macintosh ilitakiwa kufanya mengi ya hayo kwa thumni ya kumbukumbu na robo ya bei.

Mradi ulianzishwa na Jef Raskin mwaka 1979, kisha Steve Jobs akauchukua. Bodi ilisanifiwa na Burrell Smith, kijana aliyekuwa akitengeneza kompyuta mbovu za Apple II katika idara ya matengenezo kabla ya kuitwa kwenye mradi. Kwangu mimi hilo linaeleza mengi. Mtu aliyeshinda akitafuta ubovu kwenye bodi za wenzake huishia kukichukia kila kipande kisicho na kazi, maana anajua ndicho kitakachokufa kesho.

Turudi kwenye ile 7.8336, tarakimu ambayo wauzaji waliizungusha tu wakasema nane. Kwa nini isiwe nane kweli? Jibu liko kwenye kioo. Nukta hupelekwa kiooni kwa kasi ya megahezi 15.6672, na kichakataji kinakwenda nusu ya kasi hiyo barabara. Mstari mmoja wa kioo unachukua muda wa nukta 704. Kati ya hizo, 512 ndizo unazoziona. Muda wa nukta 192 zilizobaki ni wa kuusubiri mwali wa elektroni urudi upande wa kushoto kuanza mstari mwingine. Mistari inayoonekana ni 342, na mwali unahitaji muda wa mistari mingine 28 ili upande kutoka chini hadi juu. Jumla ni mistari 370. Fanya hesabu yako na utapata kwamba picha nzima huchorwa upya mara 60.15 kwa sekunde, na kila sekunde inapitisha mistari kama 22,255.

Hapa ndipo ninapomvulia Smith kofia. Kila mstari unapokwisha, wakati mwali uko njiani kurudi, kumbukumbu haidaiwi picha. Katika mwanya huo mashine inachota kifungu kimoja cha biti 16. Nusu ya kwanza, biti 8, inakwenda kwenye spika. Kwa hiyo sauti ya Macintosh inapigwa kwa vipande 22,255 kwa sekunde, idadi ile ile ya mistari ya kioo, wala haikuhitaji saa yake ya pembeni. Nusu ya pili inakwenda kwenye mota ya diski, kuiambia izunguke kwa kasi gani.

Mota inahitaji kuambiwa kwa sababu diski ni duara, na pete zake za nje ni ndefu kuliko za ndani. Diski nyingi za wakati ule zilizunguka kwa kasi moja na kuandika kiasi kile kile kwenye kila pete, hata kama ya nje ilikuwa na nafasi ya bure. Macintosh iligawa pete zake 80 katika mafungu matano. Pete za nje kabisa zilibeba vipande 12 kila moja, za ndani kabisa 8, na mota ikapunguza mwendo hadi mizunguko kama 394 kwa dakika ikiwa nje, kisha ikaupandisha hadi 590 ilipokaribia katikati. Jumlisha vipande vyote upate 800, kila kimoja baiti 512: hizo ndizo kilobaiti 400. Aliyewahi kukaa na mashine hiyo anaujua mlio wake, unavyopanda na kushuka kama inajiimbia yenyewe wakati wa kusoma diski. Kioo, sauti na mwendo wa diski vyote vinasukumwa na mpigo wa saa moja. Kompyuta nyingine zingetenga saketi kwa kila kazi. Smith aliona kwamba wakati wa kuzihudumia sauti na diski ulikuwapo tayari, umelala bure mwishoni mwa kila mstari.

(Diski zenyewe zilitoka Sony. Jobs alikuwa amewaagiza wahandisi wake waachane na Sony, wao wakaendelea kwa siri, na inasimuliwa kwamba siku moja alipotokea ofisini ghafla, mhandisi wa Kijapani aliyekuja kusaidia alisukumwa ndani ya kabati mpaka bosi akaondoka. Ufundi nao una vituko vyake.)

Bodi peke yake, hata hivyo, ni bati na plastiki. Picha ya kioo kizima ilikula baiti 21,888, yaani sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote, kabla mtumiaji hajaandika hata herufi. Programu za kuchora madirisha na menyu ilibidi zibanwe ndani ya zile kilobaiti 64 za kudumu. Moyo wake, mkusanyo wa taratibu za kuchora ulioitwa QuickDraw, ulitoka kwa Bill Atkinson, aliyefariki mwaka 2025.

Mfano mmoja wa kazi yake unanitosha. Kuchora duara kunadai namba zilizozidishwa kwa zenyewe, na kichakataji cha 68000 hakikuwa chepesi kwa kazi hiyo: kuzidisha mara moja kungeweza kula hadi mizunguko 70 ya saa, ilhali kujumlisha namba mbili ndogo zilizokwisha kuwa ndani yake ni mizunguko 4 tu. Atkinson akaenda kuchukua jambo ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulihakiki kwa kalamu. Anza na 1. Ongeza 3, upate 4. Ongeza 5, upate 9. Ongeza 7, upate 16. Ongeza 9, upate 25. Ukijumlisha namba witiri kwa mfuatano wake, kila jibu ni kipeo cha pili cha namba nzima. Basi akachora maduara na maumbo yake ya yai bila kuzidisha, kwa kujumlisha tu, na kioo kikajaa maduara kwa kasi iliyowashangaza wenzake. Jobs hakuridhika. Alitaka mistatili yenye pembe zilizolainishwa, na Atkinson alipomwambia haina haja, akamtoa nje wakazunguka mtaani huku akimwonyesha vibao vya barabarani vyenye umbo hilo. Kesho yake Atkinson alirudi nayo imekwisha, na kwa kasi karibu ile ile. Kila kitufe chenye pembe laini unachokibonyeza kwenye simu yako kina ukoo na matembezi yale.

Kuna kisa kingine chake ambacho ningependa kibandikwe katika kila ofisi inayopima kazi kwa wingi. Mwaka 1982 mameneja walianza kuwataka waandishi wa programu wajaze fomu kila wiki kueleza wameandika mistari mingapi. Atkinson alikuwa ametoka kuiandika upya sehemu ngumu kabisa ya QuickDraw, ikawa na kasi karibu mara sita ya ile ya zamani, na fupi kwa mistari kama 2,000. Akajaza fomu: hasi 2,000. Baada ya wiki chache waliacha kumpa fomu.

Susan Kare, aliyechora alama ndogo za kioo, hakuwa mhandisi. Alikuwa msanii mwenye shahada ya uzamivu katika sanaa, na alianza kazi hiyo kwa kalamu na daftari la karatasi yenye miraba, mraba mmoja nukta moja. Alama moja ilikuwa miraba 32 kwa 32. Zihifadhi na utakuta ni baiti 128, pungufu ya ujumbe mmoja wa simu. Ndani ya nafasi hiyo alipata uso wa kompyuta unaotabasamu, saa ya mkononi inayokuomba usubiri, na bomu lenye utambi kwa siku mambo yanapoharibika. Alichora pia fonti zilizopewa majina ya miji: Chicago, Geneva, New York, Monaco. Afrika iliingia kwa mji wa Cairo, fonti iliyokuwa na vipicha mahali pa herufi.

Sitaki kuifanya mashine hii kuwa malaika. Kumbukumbu ilikuwa ndogo mno, na waliojua hilo kuliko wote ni walioijenga. Mwenye mlango mmoja wa diski akitaka kunakili diski nzima alikaa akitoa hii na kuingiza ile, toa hii ingiza ile, mpaka uvumilivu unamwisha. Jobs alikataa mashine iwe na nafasi ya kuongezewa vitu, lakini Smith alipitisha kwenye bodi, kimyakimya, nyaya za kupokea chipu kubwa mara nne. Ndiyo maana Macintosh ya kilobaiti 512 iliweza kutoka Septemba ya mwaka ule ule. Kibodi haikuwa na vitufe vya mishale, kwa makusudi, ili watu walazimike kushika kipanya. Huo kwangu ni ubabe. Na kule kuikosesha feni ili iwe kimya kulilipwa kwa joto, hasa kwenye bodi ya umeme iliyo kando ya tyubu, ambayo ndiyo iliyozoea kufa mapema.

Mvutano kati ya uzuri na kazi ulionekana hata kwenye bodi kuu. Jobs aliulalamikia mpangilio wa chipu za kumbukumbu kwamba hauna sura, ingawa hapana mteja ambaye angeuona. Wahandisi wakamkubalia wajaribu mpangilio mzuri zaidi, wakalipia bodi hizo, nazo hazikufanya kazi ilivyotakiwa. Wakarudi kwenye ule wa kwanza. Nawaunga mkono wahandisi, ingawa namwelewa Jobs pia: seremala mwenye heshima yake hupiga randa hata mgongo wa kabati.

Na katika jambo la sahihi alikuwa sawa kabisa. Tarehe 10 Februari 1982, karibu miaka miwili kabla ya uzinduzi, timu ilikusanyika ikatia sahihi kwenye karatasi moja, na sahihi hizo zikachongwa kwenye kalibu ya plastiki. Kila boksi lililotoka kiwandani likabeba majina hayo upande wa ndani wa mgongo wake. Mnunuzi hakutarajiwa kuyaona: skurubu zake zina vichwa vya nyota, na mbili zimezama ndani kabisa ya mkono wa kubebea, hazifikiwi ila kwa bisibisi yenye shingo ndefu.

Ikiwa boksi kama hilo limekufikia, labda limebaki kwenye stoo ya ofisi au ya mzee wako, usilitupe na usilichomeke kwenye umeme kwa papara. Kwanza fungua kifuniko kidogo cha nyuma utoe betri, kabla haijavuja au, ikiwa imeshavuja, kabla haijala zaidi. Kisha litafutie fundi wa siku nyingi, yule aliyezoea televisheni za chogo, maana tyubu ya namna hiyo hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani, na yeye anajua kuutoa bila kuumia. Akishalifungua, mwombe akuonyeshe upande wa ndani wa mgongo, msome majina pamoja.