Mahadhi Yarudiayo: Opera ya Wagner na Ngoma za Pepo za Kanga

Atakaye kueleza kwa Kiswahili yale mahadhi yarudiayo katika opera za Richard Wagner, ambayo Wajerumani huyaita leitimotifu, hushawishika kuyaita kiitikio. Jina hilo halifai. Kiitikio hurudi mahali pake, ubeti uishapo. Mahadhi ya Wagner hurudi pale jambo linapoyadai, hata kama hakuna aimbaye.

Mwaka 1876, Der Ring des Nibelungen ilipochezwa nzima kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth, Hans von Wolzogen alitoa kitabu cha kuwaongoza wasikilizaji, akiyapa mahadhi hayo majina. Tangu hapo wengi wameyasoma kama wasomavyo kamusi, na kamusi hiyo yavunjika upesi. Katika Das Rheingold, Woglinde aimba kwamba mwenye kuyakana mapenzi ndiye awezaye kuifua pete. Katika Die Walküre, Siegmund ayaimba mahadhi yale yale aung'oapo upanga mtini, naye saa hiyo hayakani mapenzi, bali amezama ndani yake. Ikiwa maana ni "kukana mapenzi" tu, basi Wagner alikosea. Nami sidhani alikosea.

Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, yaweza kutupa nuru. Huko, kama penginepo pwani, mwenye pepo huchezewa ngoma, na pepo wenyewe hutofautishwa: majini ya baharini na mashetani ya nchi kavu. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini ya Mafia mwaka 1965, ameyaandika hayo kwa urefu, ingawa jicho lake, la mwana-anthropolojia, hutazama watu zaidi ya mahadhi. Aghalabu nyimbo hujaribiwa, huu na huu, mpaka mmoja umpate pepo aliye kichwani. Hapo mwili wa mwele hutikisika. Wimbo haukumtaja pepo: umemwita.

Sasa tumsikilize Sieglinde, katika tendo la kwanza la Die Walküre. Asimulia habari za mgeni mzee aliyeingia arusini kwake akauchomeka upanga katika shina la mti. Jina hamtaji. Chini ya maneno yake okestra yapiga mahadhi ya Valhalla, makao ya miungu, nasi twatambua kuwa mgeni yule ni Wotan, baba yake yeye asimuliaye. Mahadhi yajua kisichosemwa na kinywa. Lakini iko tofauti, wala si ndogo: Wotan haji jukwaani saa ile, na msikilizaji hubaki kitini, Kanga, pepo aitwaye sawasawa huja, na akija hudai chake.

Napendekeza basi tuseme "mahadhi ya mwito", kiitikio tukiachie taarabu. Kwa jina hilo hata Siegmund aeleweka: mahadhi yale hayatafsiri neno "kukana", yaita ile saa nzito ambapo mapenzi hudai malipo, iwe kwa mwenye kuyaacha au kwa mwenye kuyashika.