Kuikata Riwaya Katikati: Historia ya Masahaba na Matangazo ya Biashara

Katika Ramadhani ya mwaka 1433 Hijria (2012) televisheni ya MBC ilionyesha tamthilia ya maisha ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), iliyoandikwa na Walid Saif na kuongozwa na Hatem Ali. Mjadala uliozuka ulikuwa juu ya jambo moja: je, yafaa muigizaji kuchukua nafasi ya Sahaba? Al-Azhar walipinga. Wanavyuoni wengine, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walikuwa katika kamati iliyoupitia mswada. Kila upande ulitoa hoja zake, na mas-ala hiyo hatuirejei hapa.

Tunataka kuzungumzia jambo lililopita kimya. Kamati ilikagua mswada, lakini mtazamaji haoni mswada. Anaona kilichobaki baada ya mhariri kukata na kuunga picha, na baada ya matangazo ya biashara kuingizwa kati. Mahali pa kukata panakaguliwa na nani?

Suali hili si geni katika elimu yetu. Wanavyuoni wa Hadithi wamelijadili pale wanapozungumzia kuifupisha Hadithi. Ibn as-Salah (aliyefariki mwaka 643 H) ameeleza hitilafu zao, akaona lililo sahihi ni kumruhusu mwenye elimu, kwa sharti kwamba alichokiacha kisifungamane na alichokinukuu kiasi cha kuharibu maana. Imam al-Bukhari mwenyewe aligawa Hadithi moja katika milango mbalimbali kwa kufuata hukumu zilizomo. Aligawa kwa ajili ya elimu, si kwa ajili ya mwenye bidhaa.

Mfano wake anaujua kila mtoto wa chuoni: kusoma Suratul Maun na kusimama kwenye aya ya nne. Onyo la wenye kughafilika na sala hugeuka kuwa onyo la kila mwenye kusali. Hapakubadilika hata herufi moja. Kilichoharibu maana ni kusimama pasipo mahali pake.

Sasa tukitazame kisa cha Hudaybiya, mwaka wa 6 H. Sayyidna Umar alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa uchungu sababu ya kukubali masharti yale. Kisha akamwendea Abu Bakr (r.a.) kwa suali lile lile, akapata jawabu lile lile. Imepokewa kwamba baadaye aliendelea kufunga, kusali, kutoa sadaka na kuacha huru watumwa kwa kuyahofia maneno yake ya siku ile. Mwenye kutafuta fedha za matangazo atakata kwenye suali la Umar, kwani hapo ndipo hamu ya mtazamaji inapopanda. Aliyeinuka wakati huo akaenda zake ameondoka na Umar mbishi. Umar mwenye kuihesabu nafsi yake hakumwona. Riwaya nzima ni somo la adabu, nusu yake ni tuhuma.

Wala balaa si la matangazo peke yake. Filamu ya Kimarekani Islam: Empire of Faith (2001) ilionyeshwa na PBS, ambao hawakatizi vipindi kwa matangazo, lakini ilibana karne nyingi katika muda wa kama saa tatu. Katika ubanaji huo hitilafu za riwaya huondoka pamoja na isnadi zake. Hata hivyo, mhariri anaweza kuulizwa hoja yake ya kielimu. Tangazo halina hoja ila fedha. Huko Uingereza kanuni zinaruhusu hadi dakika 12 za matangazo katika saa moja, na mtayarishaji ajuaye hayo hukipanga kipindi kwa vipande tangu mwanzo, kila kipande kiishie kwenye shaka.

Rai yetu ni kwamba sharti la Ibn as-Salah liwafunge wahariri pia. Kamati inayopewa mswada ipewe na kipindi kilichokwisha kuhaririwa, kikiwa na alama za mahali pa matangazo. Na matangazo yangojee kisa kiishe. Nasi walimu na wazazi, kisa kikikatwa usiku, tufungue vitabu asubuhi tuwasomee watoto kilichobaki.

Wabillahi tawfiq.