Tazama Kona Kwanza

Jiwe likitoka timboni huwa bado lina maji ndani yake, na fundi anayeijua kazi hulichonga siku hizohizo kabla halijakauka. Mengi ya mawe tunayojengea huku Bonde la Ufa ni majivu ya volkeno yaliyoshikana. Yakiwa mabichi, patasi huingia bila ubishi. Yakishapigwa na jua na upepo huwa magumu, na hapo pigo moja lisilo na adabu humega pembe nzima, kazi ya asubuhi ikawa kokoto.

Hapa Burnt Forest wachongaji wa mkono wamebaki wachache, maana mashine hukata mawe mengi kwa saa moja kuliko mtu kwa siku nzima. Lakini kuna mzee mmoja ambaye wajenzi bado humwendea wakitaka mawe ya kona, nami napenda kumtazama. Haanzi na uso wa jiwe. Huchonga kwanza ukanda mwembamba ukingoni, upana wa vidole viwili, akaunyoosha kwa rula ya mbao. Kisha huchonga wa pili ukingo wa mkabala. Husimamisha rula moja juu ya kila ukanda, huinama, hufumba jicho moja, na kuangalia kama rula ya mbele inaificha ile ya nyuma sawasawa. Ikichungulia upande mmoja, basi uso umepinda, na patasi hurudi kazini. Kanda mbili zikikubaliana, ndipo huondoa nundu iliyo katikati, polepole, mistari ya patasi ikilala upande mmoja. Skwea huja baadaye, kwa ajili ya pande nyingine. Akifika hapo hapendi kusemeshwa, na mimi nimejifunza kunyamaza.

Mwenye kutaka kuona kazi ya namna hii ikiwa imesimama ghorofa kwa ghorofa, inabidi ateremke. Maana huku juu, Makaburu waliopita Timboroa mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe hawakutuachia kasri. Nyumba zao za kwanza zilikuwa za miti na udongo. Ukiifuata barabara ya Nakuru, kabla hujaingia mjini unachepuka kuelekea Njoro, na huko Ngata ndiko liliko jumba la Maurice Egerton, lodi wa nne wa Tatton. Alianza kulijenga mwaka 1938, Vita vya Pili vya Dunia vikamkatiza, likakamilika mwaka 1954. Lina vyumba 52. Mwenyewe alifariki mwaka 1958, kwa hiyo alilifaidi miaka minne tu tangu kukamilika.

Mtembeza wageni atakusimulia habari za mwanamke aliyeikataa nyumba yake ya kwanza kwa kuwa ndogo, na jinsi lodi alivyowapiga marufuku wanawake wote tangu hapo. Ni hadithi tamu, na wageni wengi huondoka nayo wasibaki na kitu kingine. (Siku hizi watu hufanyia harusi kwenye bustani yake, jambo ambalo nadhani lingemtoa kaburini.) Ukumbini kuna kinanda kikubwa cha mabomba na kuta zilizovikwa mbao. Vizuri. Mimi husubiri maelezo yaishe nitoke nje, nisimame karibu na ukuta.

Anza na kona. Hapo jiwe moja huonyesha urefu wake upande huu na ufupi wake upande ule. Lililo juu yake hufanya kinyume, na hivyo kuta mbili hufumana mpaka juu. Ukiweka jicho karibu na ukuta na kutazama juu, ndipo utajua kama timazi ilitumika kwa uaminifu. Kisha fuata kozi moja ya mawe kutoka kona hadi dirishani. Isipande, isishuke. Mahali ambapo fundi alikosea vipimo utapaona kwa simiti nene, kwa sababu simiti ndiyo inayoficha uvivu wa patasi. Kiungo chembamba maana yake jiwe lilichongwa likafika.

Kuna jambo lingine ambalo macho hayalioni upesi. Jiwe la majivu lina matabaka, na fundi hulilaza ukutani jinsi lilivyolala timboni, matabaka yakiwa ya mlalo. Likisimamishwa wima, mvua hupenya katikati ya matabaka na uso huanza kubanduka. Huku kwetu kwenye baridi na mvua nyingi, nyumba kadhaa zimekwisha kubanduka hivyo zikiwa bado na deni la benki.

Kasri la Egerton halina budi kusifiwa, lakini nikiulizwa nitakipa nafasi ya kwanza kikanisa cha Wataliano kilicho mbele zaidi, baada ya Naivasha, kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Kilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Italia waliokuwa wakijenga barabara ile ya ukingoni. Wengi wa wafungwa wa Italia nchini walikuwa wametekwa Ethiopia na Somalia mwaka mmoja tu kabla. Ndani hutoshea waumini kumi na wawili hivi. Malori hupita nje yakinguruma usiku na mchana, na ukuta umebaki wima.

Sababu ya kukipendelea ni ya kifundi. Jumba la vyumba 52 lina mahali pengi pa kuficha jiwe baya. Kikanisa kidogo kama kile hakina. Kila jiwe liko usawa wa jicho la mpita njia. Waliokijenga walikuwa mchana kutwa wakivunja mwamba kwa amri ya wengine, kisha wakapata nguvu ya kunyoosha mawe ya hiari yao. Hapo ndipo ninapompima fundi.

Kasri linatunzwa na Chuo Kikuu cha Egerton na unalipa kiingilio. Kikanisa unaegesha gari tu kando ya barabara. Na wewe unayejenga mwaka huu, nunua mawe ya mashine kwa ukuta ukitaka, lakini yale ya kona mpe mchongaji, umlipe kabla hajaanza kubembeleza.